Namna ya Kuwa Mchumi Ukiwa Umesimama Kituoni

Utahitaji vitu vinne: daftari la kurasa arobaini, kalamu inayoandika, sarafu moja ya shilingi 200, na viatu vinavyostahimili kusimama. Kompyuta iache nyumbani. Somo tunalokwenda kulitumia ni lile la uchumi la muhula wa kwanza chuoni, la mistari miwili inayokatana ubaoni, mmoja ukipanda na mwingine ukishuka, ambalo wengi wetu tuliliacha kwenye chumba cha mtihani tukatoka bila hata kuliaga. Mimi nalipenda somo hilo. Nalipenda kiasi cha kukuomba uliokote, ulitie kwenye mfuko wa shati, uende nalo kituo cha daladala Gongo la Mboto, Dar es Salaam, saa kumi na mbili na robo asubuhi, ukasimame nalo katikati ya watoto wa shule.

Usifike saa nne. Saa nne kituo kimepoa. Kina fundisho lake saa hiyo, nitalifikia, lakini fundisho la alfajiri ndilo linalotangulia.

Kwanza angalia tu. Gari linaingia limelalia upande wa mlango. Konda ameshuka kabla halijasimama, mkono mmoja umeshika bomba la mlangoni, mwingine una noti zilizokunjwa kwa urefu na kupachikwa katikati ya vidole. "Buguruni Kariakoo, Buguruni Kariakoo! Wanafunzi wawili tu! Wawili! We dogo, subiri la nyuma." La nyuma linakuja na konda wake ana maneno hayo hayo, kana kwamba wamekariri pamoja. Msichana wa sketi ya bluu amelivaa begi kifuani ili lisibanwe na mlango. "Anko, naomba." Anko anaangalia juu ya kichwa chake, anamtafuta mtu mzima.

Hasira zitakupanda. Zizuie kwa dakika ishirini, uandike. Andika saa, andika njia ya gari, andika watoto wangapi walikuwa wanasubiri na wangapi walipanda. Namna hii ya kuandika nilifundishwa na mpwa wangu, wakati huo akiwa kidato cha pili. Nyuma ya daftari lake la Jiografia alikuwa anachora kijiti kimoja kwa kila gari lililompita, pembeni akiandika saa, waliosubiri na waliopanda. Sikumtuma. Nilipomuuliza ya nini, akasema, "Mjomba, ili nikifika nimechelewa niwe na cha kuonyesha." Jumanne moja kulikuwa na vijiti saba. La nane ndilo lililombeba, na alipofika alikuta geti limefungwa na wenzake waliochelewa wamepiga magoti kwenye kokoto.

Sasa tunaanza kazi. Swali la kwanza katika kila jambo la umma linalohusu bei ni hili: bili ameletewa nani? Usiulize nani mbaya. Hilo litakupotezea asubuhi nzima, na mwisho utabaki na konda mmoja mkononi na kituo kile kile kimejaa watoto.

Katika nauli zilizotangazwa mwishoni mwa 2023 na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, safari ya daladala isiyozidi kilomita 10 ni shilingi 600 kwa mtu mzima na 200 kwa mwanafunzi. Tuitumie hiyo kama mfano. Toa hiyo kwenye hiyo, unabaki na 400. Siti ni ile ile, mafuta ni yale yale, foleni ya Tazara ni ile ile. Zile 400 hazikuyeyuka. Kuna mtu anazilipa.

Mtafute. Hapa itabidi uelewe neno hesabu, kwa maana yake ya barabarani. Mwenye gari, tajiri, kwa kawaida hagawani mapato na dereva. Wanakubaliana kiasi maalumu cha kila siku; hicho ndicho hesabu, na kinapelekwa jioni, iwe mvua, iwe jua, iwe msafara wa kiongozi umefunga barabara masaa mawili. Mafuta yanatoka kwenye makusanyo. Faini ya trafiki nayo, na aliyeliosha gari hali kadhalika. Kinachobaki baada ya yote hayo ndicho cha dereva na konda, na wengi wao hawana mshahara mwingine. Kwa hiyo shilingi inayopungua kwenye gari hilo haimgusi tajiri wala kituo cha mafuta, maana kituo cha mafuta hakina bei ya wanafunzi. Inapungua kwenye sahani ya wali ya konda. Wanafunzi watano kwenye tripu moja ni shilingi 2,000 ambazo hakuzipata. Tripu nane, 16,000. Piga hesabu hiyo ukiwa umesimama karibu naye na utaona kwamba yeye aliipiga zamani, kichwani, kabla gari halijasimama.

Sasa ndiyo uende saa nne. Konda huyo huyo, gari hilo hilo, amekaa kwenye ngazi ya mlango anachungulia barabara tupu. Mtoto wa zamu ya mchana anapita na begi lake. "Dogo, unaenda wapi? Ingia, ingia ndani ukae." Anampa siti ya dirishani! Wengine huona hapo unafiki. Mimi naona kurasa kumi za kitabu cha muhula wa kwanza zikitembea kwa miguu. Saa nne siti ikiondoka tupu inaingiza sifuri, kwa hiyo 200 ni faida. Saa kumi na mbili siti hiyo hiyo inagombewa na mtu mwenye 600, kwa hiyo kumpandisha mtoto ni kuziacha 400. Gharama ya kitu ni kile ulichokiacha ili ukipate. Mwalimu anaweza kutumia wiki mbili kulieleza hilo kwa mchoro, na konda akaliweka wazi kwa "subiri la nyuma" na "ingia ukae".

Wapo watakaosema dawa ni ukali. Weka askari kituoni, mpige faini konda anayekataa wanafunzi. Nimesimama kituo chenye askari na nimeona watoto wakipanda vizuri kabisa, wameshikwa mkono. Nimesimama pia kituo kinachofuata, mita mia tano mbele, ambako hakuna askari. Faini nayo ni bei. Konda anaizidisha kwa uwezekano wa kukamatwa, analinganisha na 16,000 zake, anaamua. Ukitaka faini ifanye kazi uwe na askari kila kituo kila asubuhi, na mshahara wa askari hao ni fedha ya umma. Sasa kama fedha ya umma ipo ya kumlipa mtu asimame kumlazimisha konda, ipo pia ya kumlipia mtoto nauli.

Niseme wazi ninaposimama. Nauli ya 200 ni jambo jema na nitaigombania. Serikali iliondoa ada ya sekondari hadi kidato cha nne mwaka 2016, ikaendelea na kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Familia nyingi zilipumua. Lakini mtoto aliyesamehewa ada bado yuko barabarani, na kati ya mlango wa nyumba na geti la shule kuna siti yenye bei. Kumpunguzia bei ya siti ni kuikamilisha ile ahadi. Kosa liko kwenye bili tu. Taifa zima liliamua kuwa na huruma kwa mtoto, kisha likampelekea bili mtu mmoja anayening'inia mlangoni. Naye hana bajeti ya huruma, ana hesabu ya jioni.

Na bili ikikataliwa huwa haipotei. Hilo ndilo swali la pili, liandike chini ya lile la kwanza: akikataa kulipa, inamwangukia nani? Hapa inamrudia mtoto. Kwenye karatasi anasafiri kwa 200. Kituoni anasafiri kwa 200 na saa moja na nusu ya kusimama, na kipindi cha kwanza alichokikosa, na magoti kwenye kokoto. Foleni ni bei, inalipwa kwa muda, na inamuumiza zaidi asiye na njia nyingine. Kwa wasichana kuna sehemu ya bei hiyo ambayo kila mzazi wa Dar es Salaam anaifahamu na wachache wanaitamka kwenye kikao: yule wa bodaboda anayesema "panda nikusogeze, usijali hela". Leo bure. Wiki ijayo bure. Anaweka akiba kwenye mwili wa mtoto wa watu. Ukiwa na daftari mkononi na umefika hapa, ile hasira uliyoizuia kwa dakika ishirini una ruhusa ya kuitoa, ila sasa unajua pa kuielekeza.

Dawa ipigie hesabu kabla hujaipendekeza. Shilingi 400 mara mbili kwa siku ni 800. Chukua siku za masomo kuwa 190 kwa mwaka, unapata 152,000 kwa mtoto mmoja. Watoto laki moja ni bilioni 15.2. Si fedha ndogo na sitaki uiseme kana kwamba ni ndogo. Lakini kumbuka kwamba inalipwa hata sasa, kila siku, kwa masaa ya watoto na kwa mifuko ya makonda. Kuiweka kwenye bajeti ni kuitoa gizani tu. Mtoto apewe kadi ya kugonga, kama zile za kwenye kivuko cha Kigamboni. Akigonga, yeye anakatwa 200 na gari linaingiziwa 600 kamili. Siku hiyo konda atapaza sauti kuwaita watoto, kwa sababu mwanafunzi amekuwa abiria mzima, tena asiyegombania chenji.

Usikimbilie kushangilia. Jiulize konda mwerevu atafanya nini na mashine hiyo. Atagonga kadi ambayo mwenyewe hayupo. Nchi hii iliwahi kuhesabu watumishi hewa kwa maelfu, haitashindwa kuzaa wanafunzi hewa. Kwa hiyo kadi iwe na kikomo cha safari mbili kwa siku ya shule, ifungwe likizo, mzazi apate ujumbe wa simu ikigongwa. Hata hivyo kuna watakaoiba kidogo. Linganisha wizi huo na vijiti vya mpwa wangu, kisha uamue. Na kuna njia iliyo bora kuliko kadi kwa mtoto anayevuka wilaya mbili: asivuke. Shule za kata zilijengwa kwa wingi chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulioanza mwaka 2004 ili sekondari imfuate mtoto alipo. Palipo na shule nzuri ya kutembea kwa miguu, ule ugomvi wa siti unaisha wenyewe, na hakuna askari wala kadi inayohitajika.

Kituo ndicho darasa kuu. Mengine haya ni mazoezi ya nyumbani, uyafanye ukiwa na maswali yale yale mawili.

Nenda kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, wakati sukari imeadimika. Mwaka 2016, baada ya uagizaji kubanwa, ilitangazwa bei elekezi ya shilingi 1,800 kwa kilo. Mapema 2024, mvua za El Niño zilipoloanisha mashamba ya miwa na viwanda vikashindwa kuvuna, ikaja bei elekezi nyingine, kati ya 2,700 na 3,200 kutegemea mkoa. Simama pembeni usikilize. "Mangi, sukari ipo?" "Imeisha mama." Mama anaondoka. Anakuja mteja wake wa kila siku, wanaongea kwa macho, kinatoka kifuko cheusi kutoka chini ya meza. Kuna na mtindo mwingine: sukari haiuzwi kwa kilo tena, inauzwa kwa vifuko vilivyofungwa jana usiku, vya mia tano na vya elfu, na kila wiki kifuko kinakonda kidogo. Bei ya kilo haijavunjwa, kwa kuwa kilo yenyewe haipo. Mangi hajawa shetani ghafla. Ameinunua jumla kwa bei iliyo juu ya ile aliyoamriwa kuuzia, na akikataa kubeba hasara hiyo inamwangukia mama asiyejuana naye. Tangazo haliwezi kukausha shamba la miwa. Jambo la kufanya lilikuwa la miezi mingi kabla: viwanda hupumzika kila masika, hilo halimshangazi mtu, na kibali cha kuagiza sukari kikitoka mapema meli inafika kabla kifuko hakijaanza kukonda.

Bei ya fedha nayo ni bei. Nenda Mtwara au Lindi mwezi wa saba, mkulima wa korosho akiwa anatafuta fedha ya kupulizia mikorosho na ya mahitaji ya mtoto shuleni. Korosho ziko juu ya mti bado, mnada utaanza Oktoba. Anakuja mtu wa kangomba na fedha taslimu, anazinunua kabla hazijaiva kwa bei ya kutupa. Mwaka 2018 serikali ilipoamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likabeba magunia, waliopeleka zaidi ya kilo 1,500 walihakikiwa mashamba yao ili kangomba wasilipwe. Nakubali kangomba ni mnyonyaji. Lakini andika kwenye daftari anachouza: anauza fedha ya Julai. Ukimfukuza bila kuleta mwingine wa kuuza fedha ya Julai, mkulima atamtafuta usiku, na atampa bei mbaya zaidi kwa sababu sasa kuna na bei ya kujificha.

Wakenya walilifanya zoezi hilo kwa nchi nzima. Kuanzia Septemba 2016 sheria ilizuia benki kutoza riba inayozidi kiwango cha Benki Kuu kwa zaidi ya pointi 4 za asilimia. Nia ilikuwa njema na benki zilikuwa zimejitakia. Lakini benki ikishazuiwa kumtoza mama wa mitumba kulingana na hatari anayoiona kwake, inabaki na mlango mwingine, kuikopesha serikali ambayo haitoroki. Mama hakukataliwa kwa barua. Aliambiwa arudi wiki ijayo. Akageukia simu, ambako huduma maarufu ya mikopo ilikuwa ikitoza ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Zidisha kwa kumi na mbili: 90. Sheria ya kumkinga na riba kubwa ilimsukuma kwenye riba ambayo haikuitwa riba. Kikomo cha riba za benki kiliondolewa Novemba 2019.

Tozo ya miamala ya simu iliyoanza Tanzania Julai 2021 ni zoezi fupi. Mwandishi wa bajeti aliwaza kwamba miamala ni mingi, kwa hiyo hata kidogo kwa kila mmoja kitajaza hazina. Alichosahau ni kwamba mtu hunyumbuka. Ukimgusa pasipo na njia ya pili, kama kwenye chumvi, atalipa. Ukimgusa penye njia ya pili ataihama. Watu wakarudi kufunga noti kwenye bahasha na kumkabidhi konda wa basi la mkoani. Septemba mwaka huo huo tozo ikashushwa kwa asilimia 30, na mwaka uliofuata ikashushwa tena.

Ukifika hapa umepata maarifa na umepata hatari yake, maana wapo wanaosoma somo hili nusu, wakatoka wanasema: basi, acheni bei zote zijipange zenyewe. Kwao nina zoezi la maji. Chukua bili ya jirani mwenye bomba, tazama bei ya yuniti moja, ambayo ni lita 1,000. Kisha nenda Goba au Chanika kwa mama ambaye bomba halijamfikia, anayenunua kwa dumu la lita 20. Madumu 50 ndiyo yuniti moja. Dumu likiwa shilingi 100 tu, yuniti yake ni 5,000. Likipanda hadi 300 wakati wa mgawo, ni 15,000. Iweke bili ya jirani pembeni ya namba hiyo. Maskini ndiye anayenunua maji ghali zaidi, na hakuna bei elekezi iliyomfikisha hapo. Kuna bomba ambalo halikutandazwa. Soko limefanya kazi yake: mwenye boza amefika, maji yapo, bei imesimama mahali pake. Ule mstari unaoshuka ubaoni hauhesabu kiu. Unahesabu kiu yenye hela mkononi. Mtu asiyeliona hilo hajamaliza muhula wa kwanza.

Na mfano wa amri iliyofanya kazi, nisije nikaonekana nachukia amri. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania. Uliza maswali yako. Mfuko ulikuwa bure dukani, lakini bili yake ilikuwa ikienda kwa mtu wa Jangwani ambaye mtaro wake umeziba na maji yameingia chumbani. Aliyefaidi na aliyelipa hawakuwahi kuonana. Hapo hata makubaliano ya hiari hayawezekani, ndiyo maana amri ilihitajika. Mbadala ulikuwepo, kikapu na mfuko wa kitambaa, na muuzaji hakutakiwa kula hasara, kwa sababu mfuko mpya anauuza. Bili ikahama ikaenda kwa mwenye kubeba nyanya. Bado utaona vifuko vya plastiki vikiuziwa karanga, lakini ile milima ya mitaroni imepungua, nimeiona kwa macho yangu.

Sasa rudi kituoni, jioni safari hii, saa kumi na moja, Buguruni, watoto wakirudi. Utawakuta ni wale wale, wamechoka zaidi, soksi zimeshuka. Jaza kurasa zilizobaki. Kabla nauli hazijabadilishwa LATRA huitisha mkutano wa wadau, watu wanatoa maoni. Wamiliki wa magari huja na makaratasi yao: bei ya mafuta, bei ya tairi, bei ya vipuri, na wana haki ya kuja nayo. Nenda na wewe. Vaa vizuri, fika mapema, jiandikishe jina kwenye orodha ya wasemaji, maana muda ukienda wasemaji hukatwa. Wakikupa kipaza sauti usihutubie. Fungua daftari usome vijiti, kimoja kimoja, kwa sauti ya kawaida, mpaka mwenyekiti akuombe ufupishe, kisha umwombe radhi uendelee. Mpwa wangu yuko chuo sasa na daftari lake la Jiografia ninalo. Mimi naanza na ile Jumanne: saa kumi na mbili na dakika kumi na tano, gari la kwanza, watoto kumi na mmoja wanasubiri, wamepanda wawili.